Askari wa Plastiki na Wapagazi wa Maharage



Juma hili nataka kuzungumza nanyi juu ya mchezo. Najua wapo watakaouliza karani wa parokia ana shughuli gani na michezo, tena katika mwezi huu wa Novemba ambao Mama Kanisa atuhimiza kuwaombea marehemu. Nawaomba wanivumilie. Mchezo wenyewe ni wa vita, na vita hivyo vilipita papa hapa chini ya Mlima Meru. Tena marehemu wake wengi hawajaombewa kwa majina yao mpaka leo.

Habari ni hii. Kijana mmoja wa parokia yetu, afanyaye kazi ng'ambo, alipokuja likizo aliwaletea watumishi wa altare zawadi ya visanduku viwili. Walipovifungua walikuta askari wa plastiki, wadogo sana, wameshikamana na vijiti vyao kama ndizi zishikamanavyo katika chane. Kisanduku cha kwanza kilikuwa na askari Waafrika wa jeshi la Wajerumani, au Wadachi kama wazee wetu walivyowaita, wa mwaka 1914. Cha pili kilikuwa na askari wa Kihindi waliopigana upande wa Waingereza katika vita vile vile. Kila mmoja ana bunduki yake, mkoba wake, na kofia au kilemba chake.

Juu ya kisanduku pameandikwa 1/72. Watoto waliniuliza maana yake, nami nikafurahi, kwa kuwa hesabu iliyo mkononi haisahauliki upesi. Maana yake mtu amepunguzwa mara 72. Mtu wa kimo cha sentimeta 180, ukigawa kwa 72, wapata sentimeta mbili na nusu. Basi askari wetu ni mrefu kidogo tu kuliko harage kubwa lililosimamishwa. Mtoto mmoja akauliza, je, na Mlima Meru? Tukapiga hesabu ubaoni. Mlima wetu una zaidi ya meta 4,500. Ukiupunguza mara 72 bado una zaidi ya meta 62, nao hautaingia katika chumba chochote cha parokia. Watoto walicheka sana, lakini walifahamu pia jinsi binadamu alivyo mdogo mbele ya kazi ya Mungu.

Mchezo huu ulitoka wapi

Msidhani kwamba huu ni mchezo wa watoto peke yao. Mwaka 1824 afisa mmoja wa Prussia, jina lake von Reisswitz, alitoa kanuni za mchezo wa vita uchezwao juu ya ramani kwa vipande vidogo na dadu, na jeshi la nchi ile likautumia kuwafundishia maafisa wake. Mwaka 1913 mwandishi Mwingereza H. G. Wells alitoa kitabu kiitwacho Little Wars, akaeleza namna ya kupigana sakafuni kwa sanamu ndogo za askari na mizinga ya kuchezea. Mwishoni aliwaonya wasomaji wake kwamba mtu akicheza mara chache tu ataona vita vya kweli vilivyo jambo la upumbavu. Mwaka uliofuata vita vikuu vya kwanza vya dunia vikaanza.

Zamani sanamu hizo zilitengenezwa kwa madini ya risasi, nazo zilikuwa za watu wenye fedha. Mwaka 1959 kampuni ya Airfix ya Uingereza ilianza kuuza askari wadogo wa plastiki, rahisi kwa bei, na tangu hapo mchezo ukaenea hata kwa watoto wa wafanya kazi. Siku hizi katika nchi nyingi utakuta watu wazima, wenye mvi, wakikutana siku ya mapumziko kuzunguka meza, kila mtu na jeshi lake alilolipaka rangi kwa mkono wake mwenyewe.

Wala sisi tusijione wageni kabisa. Bao letu ni nini kama si vita? Kete hupangwa, hutekwa, hurudishwa katika mstari, na mzee aliyeshindwa huondoka kimya kama jemadari aliyepoteza mji. Tofauti ni kwamba kete ya bao haina uso, na askari wa plastiki anao.

Jinsi tulivyojaribu

Kazi ya kwanza ilikuwa kuwaosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, maana plastiki hutoka kiwandani na mafuta kidogo, na rangi haishiki juu ya mafuta. Kisha nikawakata kwa wembe kutoka katika vijiti vyao. Kazi hii mtu mzima aifanye mwenyewe. Tuliwabandika kwa gundi juu ya vipande vya boksi, ili wasianguke kila meza itikisikapo. Halafu watoto wakapaka rangi, nyembamba, mara mbili. Ukipaka nene mara moja, plastiki hii laini hujikunja na rangi hubanduka kama magamba. Jumamosi mbili, baada ya kusafisha kanisa, zilitosha.

Meza ilikuwa ile ya darasa la katekisimu. Mlima tuliufanya kwa mawe yaliyofunikwa gunia, na miti kwa vijiti vya mgunga. Kanuni nilizipunguza ziwe chache. Kila upande una zamu yake. Katika zamu moja askari aenda sentimeta 10, na akipanda mlima aenda 5. Bunduki yafika sentimeta 40. Ukitaka kupiga watupa dadu: 5 au 6, umempata, na kama amejificha nyuma ya jiwe, ni 6 tu. Mtoto wa darasa la tano hufahamu mambo hayo kwa nusu saa.

Tukaanza na vita vya Longido. Ninyi mwendao mnadani au Namanga mwaujua mlima ule, kiasi cha kilometa 80 kaskazini ya mji wa Arusha. Mwaka 1914 Wadachi waliweka askari wao pale. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Novemba, yaani usiku wa Siku ya Marehemu Wote, Waingereza walitoka Namanga na watu kiasi cha 1,500, wengi wao askari wa Kihindi kutoka Punjab, wakaupanda mlima gizani. Siku zizo hizo wenzao walikuwa wakishuka katika meli kule Tanga, ambako walipigwa na askari wa von Lettow-Vorbeck, na nyuki nao wakaongeza yao. Longido Waingereza walipigana mchana kutwa. Baghala waliowabebea maji, wale wanyama wazaliwao na punda na farasi, walitawanyika, nao wapiganaji wakabaki na kiu juu ya mlima ule mkavu. Giza lilipoingia waliteremka, wakarudi walikotoka bila ya kupata kitu.

Katika mchezo wetu niliweka kanuni moja tu ya ziada: baada ya zamu nane, askari asiye na maji aenda nusu ya mwendo wake. Upande wa Waingereza ulianza vizuri sana, watoto wakashangilia. Zamu ya tisa walianza kutambaa. Zamu ya kumi na mbili kijana aliyekuwa jemadari wao aliwakusanya waliobaki, akasema, "Mwalimu, turudi Namanga." Hakuna aliyemwambia kwamba ndivyo ilivyokuwa hata mwaka ule.

Swali la mama

Siku hiyo mama mmoja alikuja kumchukua mwanawe. Akasimama mlangoni, akaangalia wale waliokufa wamelazwa kandokando ya meza, kisha akaniuliza mbele ya watoto, "Mwalimu, ndiyo katekisimu hiyo? Mwawafundisha watoto kuuana?"

Wasomaji wapenzi, swali hilo halikuwa la kuchekwa. Mama huyo hulisha watoto, hufunga vidonda, na habari za vita azisikiazo redioni zatosha kabisa. Nikamwomba aketi. Nikamweleza kwamba Kanisa halimhukumu kila mtu aliyevaa nguo za askari. Tunaye Mtakatifu Martino wa Tours, aliyekuwa askari, akaukata upanga kati joho lake ili amfunike maskini, kisha akaacha jeshi akamtumikia Kristo. Sikukuu yake ni tarehe 11 Novemba, na kwa bahati ndiyo tarehe ambayo bunduki zilinyamaza Ulaya mwaka 1918. Nikamweleza pia kwamba Baba Mtakatifu Benedikto wa XV, aliyechaguliwa Septemba 1914 vita vikiwa vimekwisha kuanza, hakuchoka kuwasihi wakubwa wa mataifa. Na katika barua yake ya tarehe 1 Agosti 1917 aliviita vita vile machinjo yasiyo na faida.

Mama akasikiliza, akasema, "Hayo ni kweli. Lakini mezani pako sioni machinjo. Naona mchezo mzuri."

Hapo alinifunga mdomo, maana alikuwa amesema neno lenyewe. Ubaya wa mchezo wa vita si bunduki ya plastiki. Ubaya ni kama meza yaonyesha ushujaa na kuficha gharama yake. Na ndani ya visanduku vile viwili, kati ya askari wote wale, mlikosekana mtu mmoja ambaye bila yeye vita vile visingeweza kwenda hata juma moja. Hamkuwa na mpagazi.

Wapagazi

Ninyi wenye wazee nyumbani mmepata kusikia neno Kariakoo. Watu wa leo wafikiri ni soko la Dar es Salaam tu. Jina hilo latokana na Kiingereza cha jeshi, Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi, ambao kambi yao ilikuwa mahali pale. Katika vita vya 1914 hadi 1918 Waingereza peke yao walichukua watu karibu milioni moja wa nchi hizi kubeba mizigo. Wengine walikwenda kwa mshahara, na wengi walikamatwa tu vijijini, shambani na njiani. Wadachi nao walichukua watu wao vivyo hivyo. Mpagazi alibeba kichwani kiasi cha kilo 25 au zaidi: unga, risasi, mahema, na mara nyingine vipande vya mizinga. Hakuwa na bunduki. Mara nyingi hakuwa na blanketi. Waliouawa kwa risasi ni wachache. Waliobaki waliuawa na kuhara damu, malaria, vichomi na njaa. Wengi walipewa unga wa mahindi wasiouzoea, bila ya nafasi ya kuupika ukaiva, na matumbo yao yakaharibika. Upande wa Waingereza peke yake wapagazi waliokufa wakadiriwa kuwa karibu laki moja.

Basi Jumamosi iliyofuata tulibadili mchezo. Tuliacha Longido, tukafuata safari ya mwaka 1916. Mwezi wa Machi mwaka ule jeshi la Jemadari Smuts liliizunguka Kilimanjaro. Arusha ikaangukia mikononi mwa jemadari wake aitwaye van Deventer, na lile boma jeupe lililojengwa na Wadachi mwaka 1900, ambalo sasa ni nyumba ya makumbusho, likapata bwana mwingine. Mwanzoni mwa Aprili van Deventer aliondoka Arusha na wapanda farasi wake. Akazingira mlima wa Lolkisale, kule Monduli, ambako ndiko kwenye chemchemi, na askari wa Wadachi waliokuwa juu wakajitoa. Tarehe 19 Aprili aliingia Kondoa. Mamia ya farasi wake walikufa njiani kwa ugonjwa. Kisha masika ikapiga, njia zikawa tope, magari yakazama. Jeshi zima likakaa Kondoa likisubiri chakula ambacho sasa chaja juu ya vichwa vya watu.

Askari tulikuwa nao. Wapagazi tukawafanya wa maharage, harage moja mpagazi mmoja. Nawaomba nanyi mlijaribu jambo hili nyumbani jioni ya leo, maana halihitaji plastiki wala fedha.

Weka harage moja mezani. Karibu nalo weka punje 25 za mchele. Harage ni mpagazi, na kila punje ni kilo moja ya unga kichwani pake. Sasa chora njia ya hatua 12. Kutoka Arusha mpaka Kondoa ni kiasi cha kilometa 250, na mtu mwenye mzigo, akienda kilometa 20 na kitu kila siku, afika kwa siku 12. Kila siku mpagazi lazima ale. Tuseme kilo moja. Basi kila hatua moja ondoa punje moja.

Watoto waliondoa punje moja moja mpaka Kondoa. Zikabaki 13. Wakafurahi, wakasema, "Amefikisha kilo 13, si haba!"

Mama yule yule alikuwa ameketi pembeni na kitenge chake, safari hii amekuja mapema. Akauliza, "Na yeye mwenyewe arudi nyumbani na nini?"

Kimya kikaingia. Mtoto mmoja akanyoosha mkono polepole, akahesabu punje 12 za kurudia, akazitenga. Mezani pa Kondoa ikabaki punje moja.

Punje moja, wasomaji wapenzi. Mtu atembea siku 24, kwenda na kurudi, na mvua, na mzigo, na homa, ili kufikisha chakula cha askari mmoja cha siku moja. Hesabuni tena. Ili askari huyo mmoja ale kila siku, yapasa wapagazi 24 wawe njiani sikuzote, wengine wakienda na wengine wakirudi. Askari mia wataka wapagazi 2,400. Kweli, majemadari waliweka maghala njiani, na palipokauka magari na mikokoteni ya ng'ombe vilisaidia. Lakini maghala hayo nayo hayakujijaza yenyewe. Na ng'ombe na farasi walipokwisha kwa mbung'o na maradhi mengine, kilichobaki kilikuwa kichwa cha mtu. Na mkubwa aliyetaka kufikisha punje mbili badala ya moja alikuwa na njia moja rahisi: kumpunguzia mpagazi chakula chake cha kurudi.

Tukaendelea na mchezo. Tuliweka maharage 24 kwa kila askari, na meza ikajaa maharage mpaka askari hawakuonekana vizuri. Kila zamu dadu ilitupwa kwa ajili ya wapagazi, na kila ilipoangukia 1, harage moja liliondolewa: kuhara, homa, mto uliofurika. Hakuna aliyeshangilia. Kijana mmoja akalalamika, "Mwalimu, huu si mchezo wa vita tena, huu ni wa kuhesabu maharage." Mwenzake akamjibu, "Ndivyo vilivyokuwa." Mwishoni, bila ya risasi hata moja kupigwa, bakuli lilikuwa na maharage mengi kuliko askari wote wa visanduku viwili. Yule mama akalichukua bakuli, akaliangalia, akasema, "Sasa nimeyaona."

Majina

Lililobaki ni la sisi watu wazima. Dar es Salaam, katikati ya mji, tunayo sanamu ya askari iliyozinduliwa mwaka 1927. Amesimama na bunduki yake, naye amestahili. Mpagazi hakusimamishwa pale pamoja naye; yeye aliachiwa jina la soko. Mwaka 2021 tume ya Waingereza na nchi za Jumuiya ya Madola itunzayo makaburi ya vita ilitoa taarifa, ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Zilikuwa zimepita zaidi ya miaka mia moja.

Sasa sikieni kazi ya karani. Kila mwaka ifikapo Novemba ninyi mwaleta ofisini karatasi za majina ya marehemu wenu, nami nayaandika yote katika orodha ili yawekwe altareni. Mwaka huu, juma moja baada ya mchezo wa maharage, bibi mmoja mzee wa jumuiya yetu alikuja na karatasi yake. Nikamwamkia, "Shikamoo, bibi." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu." Mjukuu wake, mmoja wa watumishi wa altare, alikuwa amemshika mkono. Karatasi ilikuwa na majina sita. La sita lilikuwa jina moja tu la zamani, lisilo la ubatizo.

Bibi akasema, "Huyu ni baba wa baba yangu. Alichukuliwa kubeba mizigo, baba yangu akiwa bado mgongoni. Hakurudi, wala hakuna aliyeleta habari. Sikuwahi kumwandika, maana nilifikiri hakubatizwa, na kaburi hana. Mtoto huyu ndiye aliyeniuliza juzi, bibi, wa kwetu hakuwepo?"

Nilimpelekea Baba Paroko swali hilo, maana si juu ya karani kuamua mambo ya madhabahu. Akajibu mara moja: aandikwe. Katika Misa Kanisa huwakumbuka hata wale ambao Mungu peke yake ndiye aliyeijua imani yao. Kisha akanikumbusha neno ambalo wengi hatulijui. Mwaka 1915, kwa ajili ya wingi wa watu waliokuwa wakifa vitani, Baba Mtakatifu Benedikto wa XV aliwapa mapadre wote ruhusa ya kutoa Misa tatu Siku ya Marehemu Wote. Ruhusa hiyo yadumu mpaka leo. Basi kila tarehe 2 Novemba, padre wenu anapopanda altareni mara ya pili na ya tatu, jueni kwamba desturi hiyo ilienezwa kwa Kanisa lote kwa sababu ya vita vile vile vilivyomchukua babu wa bibi huyu. Tangu zamani ameandaliwa nafasi. Palipungua jina lake tu.

Nililiandika.

Yafaa tufanyeje

Kwanza, juu ya mchezo. Mzazi akiniuliza kama awanunulie watoto askari wa plastiki, nitamjibu: ukiwapata, si dhambi, ila kaa nao mezani. Mtoto aachwe peke yake na bunduki za kuchezea atajifunza kupiga tu. Akiketi na mtu mzima amwulizaye, "Huyu amekula nini? Maji yake yako wapi? Nani aliyembebea?", atajifunza historia, hesabu na huruma kwa pamoja. Asiye na fedha asisikitike. Maharage, punje za mchele, mawe na dadu vyatosha, na baada ya mchezo maharage yapikwa.

Pili, juu ya wazee. Walioviona vita vile kwa macho wamekwisha kufariki wote, na watoto wao wamebaki wachache. Lakini wajukuu wao wapo, wameketi jikoni na chini ya migomba, na hawaulizwi. Jioni moja mwezi huu, baada ya Rozari, waulizeni: katika ukoo wetu, nani alikwenda Kariakoo? Alichukuliwa wapi? Je, alirudi? Mtoto ajuaye kuandika ashike kalamu.

Tatu, leteni majina hayo ofisini. Msiogope kwamba ni ya kale, au kwamba hamjui kaburi lilipo. Huku kwetu vita vile havikwisha tarehe 11 Novemba 1918. Von Lettow-Vorbeck aliweka silaha chini tarehe 25 Novemba, kule Abercorn, ambayo leo ni Mbala katika Zambia. Na kati ya tarehe hizo mbili wapagazi walikuwa bado njiani na mizigo yao. Kwa hiyo msiseme siku ya marehemu imekwisha kupita, tumechelewa. Mwezi mzima ni wao. Orodha ingali wazi mezani pangu, na kurasa zimo.

Mungu awape pumziko la milele, na mwanga wa milele uwaangazie.

Karani wa Parokia